Kabimba: Mpira wa Kioo na Vumbi la Saruji

Kabimba ni mji mdogo ulioko kando ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Tanganyika, nchini Kongo. Wengi hulijua jina lake kwa sababu ya kiwanda cha saruji. Milima inakaribia maji, na ndani yake mna jiwe la chokaa. Jiwe hilo husagwa pamoja na udongo, likachomwa kwa moto wa nyuzi kama 1,450, kisha vitonge vyake hupondwa hata vikawa unga laini kuliko wa mhogo. Unga huo una kiu ya maji. Ndiyo sifa yake, na ndiyo hasara yake kwa mwenye gari.

Kwa maana maji hapa hayako mbali. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya bahari, na pumzi yake yenye unyevu hufika hata mlangoni pa nyumba. Kuanzia mwezi wa kumi hata wa nne mvua hunyesha. Halafu, katika miezi ya ukavu, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mavumbi ya njia. Basi gari lenye mpira mbovu wa kioo hupokea vumbi katika kiangazi na maji katika masika. Vikutanapo viwili hivi katika mfereji wa kioo, na vumbi likiwa la saruji, huwa jiwe. Tumeona kioo cha mlango kilichokwama nusu njia kwa miezi, wala si kwa kuvunjika kwa mashine yake.

Tulipofika, fundi mmoja alikuwa ameanza kazi juu ya pikapu ya Toyota Land Cruiser, ya ile jamii ya 70 iliyotoka mwaka wa 1984. Gari hilo hubeba dagaa, mihogo na magunia. Tena, mgonjwa akizidiwa usiku, hilo ndilo humpeleka Kalemie. Katika magari mengi ya siku hizi kioo cha mbele hugandishwa kwa gundi. Katika hili kimekaa ndani ya utepe mnene wa mpira wenye mifereji miwili: mmoja hushika kioo, wa pili hushika ukingo wa bati. Mpira ukikauka kwa jua hunywea, nao huanza kupasuka pembeni. Madereva wengine huupaka mafuta ya injini ili ung'ae. Unang'aa kweli, kwa juma moja. Kisha huvimba na kulegea, kwa kuwa mafuta hayo ni adui yake.

Mwenye gari alikuwa na haraka. "Mzee," akasema, "tupake silikoni juu ya nyufa, nirudi kazini."

"Hapana, Papa," fundi akajibu kwa upole. "Kwanza tuone kilicho chini."

Akaukata mpira wa zamani kwa kisu, wakakitoa kioo watu wawili. Chini yake, katika kona mbili, bati lilikuwa limeliwa na kutu hata kidole kikapita. Mwenye gari alinyamaza. Tulimwonea huruma, kwa maana fedha ya mpira alikuwa ameipata kwa shida, na sasa palitakiwa na fedha ya kuchomelea bati. Lakini kama silikoni ingalipakwa, maji yangaliendelea kula kwa siri hata ukingo wote ukaisha, na kioo kisingalipata tena pa kushika. Siku mbili zikapita kwa kukwangua kutu, kuchomelea vipande na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Fundi hakukubali kuendelea kabla rangi haijakauka, ingawa alisihiwa sana.

Mpira mpya ulikuwa umetoka mbali: Dar es Salaam, kwa reli hata Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, kisha kwa chombo kuvuka ziwa. Siku hizi mipira ya namna hii hutengenezwa zaidi kwa mafuta ya petroli. Zamani ilitoka katika utomvu wa miti na mitambaa ya msituni. Na wazee wa Kongo wanajua jinsi mababu walivyoteswa kwa ajili ya utomvu huo, katika enzi ya Leopold II, tangu 1885 hata 1908. Hayo yanastahili makala yake.

Kazi ya kurudisha kioo ilitupendeza kuitazama. Mpira huvikwa kwanza kioo chenyewe. Katika mfereji wa nje hulazwa kamba nyembamba pande zote, ncha zake mbili zikapishana chini katikati. Maji ya sabuni hupakwa. Mwanafunzi wa fundi akasimama nje, akikisukuma kioo kwa viganja; fundi akakaa ndani, akaivuta kamba polepole. Kila kamba ilipotoka, mdomo wa mpira ulipanda juu ya bati kama ukosi wa shati unaogeuzwa. Wala bisibisi haikutumiwa, kwa kuwa ncha ya chuma huchana mpira na kuvunja kioo.

Halafu ndoo tatu za maji ya ziwa zikamwagwa juu. Kona ya kulia ikatoa matone machache. Fundi akauinua mdomo, akaona umejikunja, akaunyosha. Ndoo ya nne ikaacha ndani pakavu.

Alipomaliza akafungua milango, akazibua kwa waya matundu ya chini ya kutolea maji, yaliyokuwa yamezibwa na saruji iliyoganda. Mpira wa mlango wa kulia aliubadili jioni ile ile. Ule wa mlango wa dereva ulikuwa ungali Kigoma, ukingoja chombo.