Kiasi cha Kubana

Mama alinipigia simu usiku nikiwa hosteli, Morogoro, nahangaika na sura ya tatu ya tasnifu. Hakuzunguka. "Mikono ya babu yako inatetemeka mpaka chai inamwagika," alisema. "Na ile bunduki bado iko chumbani kwake. Sisi wengine hataki kutusikia. Njoo wewe."

Nilielewa kwa nini mimi. Nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa wanyamapori, na katika ukoo wetu ni watu wawili tu waliowahi kupiga shotgani: babu na mimi. Jinsi ya kuishika alinifundisha yeye, bila kuniruhusu hata siku moja kuigusa ya kwake.

Ukitoka Morogoro kwa basi unapita Mikumi, kisha barabara inaingia kwenye bonde la mibuyu kandokando ya Mto Ruaha Mkuu, na kabla hujaanza kupanda Kitonga kwenda Iringa unafika kwetu, Ruaha Mbuyuni. Abiria wengi wanatujua kwa joto na kwa vitunguu tunavyowainulia hadi dirishani. Hawaoni kwamba nyuma ya vibanda kuna mashamba ya umwagiliaji, na nyuma ya mashamba kuna vichaka na milima. Huko ndiko wanakotoka nyani mchana na nguruwe pori usiku. Vitunguu hawavijali sana. Wanachokuja kutafuta ni mahindi.

Babu alijifunza bunduki kwenye mgambo, na mwaka 1978 alikwenda nayo Vita vya Kagera. Shotgani yake aliinunua miaka mingi baadaye, kwa pesa ya vitunguu, na leseni yake akaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Karibu risasi zote alizopiga shambani alizipiga hewani. Nyani, alisema, hahitaji kufa ili aelewe.

Mwaka 2018 nilikuwa chuo cha wanyamapori nikisomea stashahada. Siku ya kwanza ya shabaha niliibana ile bunduki kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala. Nilipiga risasi tano, zote zikapita pembeni ya shabaha, na jioni bega langu lilikuwa jeusi. Niliporudi nyumbani likizo, babu aliliangalia bega, akacheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba akarudi na mpini wa jembe.

"Babu, si utumie bunduki yenyewe?"

"Leseni ina jina langu, mchumba. Haina jina la ukoo."

Basi nilijifunza kwa mpini. Mkono wa kulia unashika pale kitako kinapoanza kuwa chembamba, nyuma ya triga, na kazi yake ni kuvuta bunduki iingie begani, kwenye kile kibonde kilicho chini ya mtulinga. Si juu ya mfupa, wala si kwenye msuli wa mkono. Mkono wa kushoto uko mbele, chini ya mtutu, na wenyewe haubani. Unabeba na kuelekeza tu. Shavu linalala kwenye kitako. Magoti yanalegea kidogo, uzito unakwenda mbele. Kidole cha triga kinakaa nje, kimenyooka, mpaka umeamua.

"Sasa nibane kiasi gani?" niliuliza, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa limenishinda chuoni. Mkufunzi alikuwa anasema "kaza", halafu baada ya dakika anasema "legeza".

Babu alinyoosha kidole kuelekea barabara kuu, ambako malori ya Tunduma na Zambia hayalali. "Ukimvusha mtoto pale unamshikaje? Ukimwachia, anakimbilia lori. Ukimbana, anaumia, anapambana akutoke. Unamshika kiasi cha yeye kujua kwamba upo."

Baadaye nilipiga hesabu, maana ndivyo tulivyo tuliosoma. Risasi moja ya shotgani ya kawaida hutoa gramu 30 hivi za marisau kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde. Bunduki ina kilo 3 hivi. Kwa kanuni ya Newton, kinachosukumwa mbele kinasukuma nyuma vilevile, kwa hiyo bunduki inarudi kwa kasi ya mita 4 au 5 kwa sekunde. Kama kuna nafasi kati ya kitako na bega, inaivuka nafasi hiyo kwa kasi yote na kukupiga kama nyundo. Kama imekaa vizuri begani, haianzi safari peke yake. Inausukuma mwili wako mzima, na mwili ni mzito kuliko kilo 3. Hilo ndilo "kaza". "Legeza" nalo lina sababu: msuli uliobanwa kwa nguvu zote hutetemeka, na mtutu hutetemeka nao.

Niliporudi chuoni, bega halikuumia tena.

Agosti hii nilishuka kwenye basi saa tisa alasiri. Babu alikuwa chini ya mbuyu nyuma ya nyumba, mikono kaificha katikati ya magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mchumba. Wamekutuma."

Sikukataa. Tulikaa. Alinieleza kwamba daktari wa Iringa ameuita ugonjwa ule Parkinson, na kwamba dawa zinasaidia asubuhi kuliko usiku. Nilikuwa nimejiandaa kwenye basi: nitataja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nitataja wajibu wa mmiliki, nitaongea kwa heshima. Nilipoanza tu, akanikatiza.

"Nikikuambia kitu, utamwambia mama yako?"

Nikamwambia sijui. Akasema afadhali hilo kuliko ndiyo ya uongo.

Wiki tatu kabla, usiku, alisikia nguruwe pori kwenye mahindi. Akatoka na bunduki. Alitaka kupiga hewani kama siku zote, lakini mikono ilianza. Mtutu ukawa haupandi. Akabana ili utulie, ukatetemeka zaidi, akabana zaidi. "Mkono ukibana, vidole vyote vinabana," alisema. "Hata kile kimoja. Bunduki ililia mimi sijaamua."

Marisau yaliingia kwenye mahindi, usawa wa kifua.

Asubuhi alikwenda kuangalia. Mabua yalikuwa yamekatika kwa mstari. Hatua chache mbele, kwenye mfereji, udongo ulikuwa bado mbichi, na kulikuwa na alama za miguu midogo. Mtoto wa jirani alikuwa ametumwa usiku ule kufunga maji. Babu aliuliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia habari za shamba, akaambiwa ndiyo, alifunga maji akarudi, alisikia mlio akiwa anavua ndala mlangoni.

"Kutoka mferejini hadi mlangoni kwao ni dakika ngapi?" aliniuliza. Sikujibu. Alikuwa ameshaipima kwa miguu yake, niliona.

Tangu usiku ule hakuwa ameitoa bunduki, lakini hakuwa ameiachia pia. Alilala funguo ya sanduku ikiwa ndani ya ngumi. Nilidhani ni kiburi. Siku ile nilielewa kwamba alikuwa anaogopa kumkabidhi mtu mwingine kitu kilichokaribia kumfanya muuaji, na anaogopa zaidi watu wamuulize kwa nini anakitoa sasa.

Kisha akatoa mikono, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa inacheza. "Wewe umesoma," alisema. "Mkono kama huu, unashika vipi ndiyo iwe salama?"

Lilikuwa swali langu la mwaka 2018, limenirudia. Na aliuliza kweli, hakuwa ananitega. Alitaka kuwe na jibu: kubadilisha mkono wa kushoto, kuegemea mti, kufunga kitambaa. Nilitafuta. Ningempa lolote.

"Hakuna, babu," nilisema. "Kwa mkono huu hakuna."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa ameshaisikia sokoni.

Kesho yake asubuhi, dawa zikiwa zimeshika, tulikwenda kituo cha polisi. Kabla ya kuondoka alifungua sanduku mwenyewe, akaivunja bunduki katikati, akanionyesha kwamba vyumba vyote viwili ni vitupu, akaangalia mwenyewe mara ya pili. Risasi zilibaki saba kwenye kopo la maziwa. Aliibeba yeye njia nzima, kwa sababu leseni ina jina lake. Mimi nilibeba kopo na ule mfuko wa nailoni.

Askari wa zamu aliandika namba ya silaha, akahesabu risasi, akauliza sababu ya kusalimisha. Babu aliniangalia. Niliangalia kalenda ukutani. Hapo palikuwa pake.

"Mikono," akasema. Askari akaandika *ugonjwa*. Lakini babu hakuondoka kaunta. Akamweleza pia habari ya mfereji, yote, mpaka zile ndala. Askari aliacha kuandika akasikiliza. Jioni ile ile babu alikwenda kwa jirani, peke yake, akakaa huko hadi giza. Sijui walizungumza nini. Alirudi, akaomba chai, ikamwagika kidogo, akanywa iliyobaki.

Alfajiri niliamshwa na kelele. Nyani walikuwa wameshafika kwenye mahindi. Babu alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba na debe tupu la mafuta chini ya kwapa, analipiga kwa fimbo, na ile tetemeko ilikuwa inamsaidia, maana mlio haukukatika. Yule mtoto wa jirani alikuwa pembeni yake na sufuria.

Aliponiona alininyooshea fimbo ya pili.

"Hii bana utakavyo," alisema.