Bingwa Aliyegeuka Mwalimu

Kijana wa Makole atokaye alfajiri kukimbia hukutana na mambo mawili kabla hajafika mbali: vumbi na upungufu wa pumzi. Uwanda wa Dodoma umeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mvua zake, zianzazo aghalabu mwezi wa Desemba, hukoma Aprili. Mbali sana na hapo, mpakani mwa Marekani na Meksiko, uko mji wa El Paso, wenye kimo karibu na hicho na ukame uliozidi. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko mjini humo kimewapokea wakimbiaji wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa huko.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii alifika hapo Mkenya Paul Ereng kuwa mwalimu wa mbio. Yeye alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Virginia. Alianza na mita 400, na mita 800 hakuzishika barabara ila mwaka 1988. Mwaka huo huo, mjini Seoul, aliwaacha wenziwe washindane kwa kasi mbele yake, kisha katika sehemu ya mwisho akawapita wote, akiwamo Joaquim Cruz wa Brazili, bingwa wa mwaka 1984. Alitumia dakika 1 na sekunde 43.45, naye alikuwa na umri wa miaka 21.

Mtu aliyeshinda namna hiyo hushawishika, akiwa mwalimu, kumfanya kila kijana awe yeye. Emmanuel Korir alikuja El Paso naye akiwa mkimbiaji wa mita 400. Mwaka 2017 alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 800, ukumbini na uwanjani, kisha akaacha mashindano ya vyuo akaenda kukimbia kwa malipo. Hapo ndipo ugumu wa ualimu wa chuo unapojulikana. Chuo humlipia kijana masomo, naye hukilipa kwa miguu: mbio za nyika, mbio za ukumbini, mbio za uwanjani, mwaka mzima bila nafasi ya kupumua. Wapo waliochoka kabla ya wakati wao. Aondokaye mapema amekinyima chuo ushindi. Hata hivyo Ereng hakumtupa, bali aliendelea kumfundisha.

Tarehe 4 Agosti 2021, mjini Tokyo, fainali ilianza polepole. Korir hakungoja dakika ya mwisho kama mwalimu wake. Alichomoka zikiwa zimesalia kama mita 200, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 45.06, mbele ya Mkenya mwenziwe Ferguson Rotich. Wapendao kulinganisha watasema mwanafunzi hakumfikia mwalimu. Maneno hayo ni ya bure. Mwaka 2018, mjini London, Korir alikuwa amekimbia kwa dakika 1 na sekunde 42.05, kasi ambayo Ereng hakuipata maishani mwake.

Kutoka Makole hadi Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ni mwendo wa asubuhi moja. Kimo kipo, vumbi lipo, na vijana wapo. Atakayesimama kando ya uwanja, saa mkononi, ndiye anayengojewa.