Kisiwani Bonaire pamoja na Watoto

Jamaa ya kwetu ikisema inakwenda kupumzika, watu huelewa mara moja ya kwamba inakwenda kwa wazee. Watoto watakula mihogo ya nyanya yao, watacheza na binamu zao hadi jua kutua, na mfuko wa baba utarudi mtupu kwa sababu ya zawadi. Sisi tukaao Ubelgiji tumefanya hivyo kila tulipopata nauli ya kufika Bukavu, wala hatujuti. Walakini mwana wetu wa pili, ambaye alikuwa ametimiza miaka 12, alikuja na ombi lisilo la kawaida katika nyumba yetu: alitaka kujifunza kuzamia baharini, tena si kwa dakika moja kama wavuvi wafanyavyo, bali kwa mtungi wa hewa mgongoni.

Mama yake alikataa. Hakukataa kwa kelele. Aliondoa sahani mezani akaenda jikoni. Watoto hawakujua sababu, nasi tuliona imefika saa ya kuwaambia. Zamani, mama huyu alipokuwa msichana mdogo, kaka yake mkubwa alipanda mtumbwi kwenda Idjwi siku ya soko. Upepo ulivuma mchana, na mtumbwi ule haukufika. Kutoka siku hiyo mama hakutia mguu katika ziwa Kivu kupita kifundo cha mguu, ijapokuwa alizaliwa mahali ambapo sauti ya mawimbi yasikika kutoka kitandani.

Basi, neno la kuzamia lilikaa kimya muda wa miezi mingi. Ndipo tulipoanza kusoma habari za bahari ya Karibi, kwa siri kidogo, tukakuta jina la Bonaire. Ni kisiwa kidogo, chenye kilomita za mraba 288 tu, karibu kilomita 80 kutoka pwani ya Venezuela. Ni cha ufalme wa Uholanzi. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 kinahesabiwa kuwa wilaya ya pekee ya Uholanzi yenyewe. Lakini si hayo yaliyotuvuta. Katika visiwa vingi mzamiaji huchukuliwa kwa mashua hadi mbali, na walio pwani hubaki wakingoja bila kuona kitu. Bonaire sivyo. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa, na upande wa magharibi, ambako bahari imetulia kwa kukingwa na upepo, mwamba huanza hatua chache tu kutoka ufukoni. Kando ya barabara yamewekwa mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila jiwe na jina lake. Mzamiaji husimamisha gari, huvaa mtungi, huingia baharini kwa miguu yake mwenyewe. Aliyebaki juu aweza kuona mapovu ya hewa yakipanda.

Tulimweleza mama jambo hilo la mapovu. Alifikiri siku 2. Kisha akasema: «Nitakuwa nimesimama hapo. Mapovu yakikoma, nitawauliza ninyi.» Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Kupanga safari ya namna hii si kazi ya jioni moja. Jambo la kwanza lilikuwa fedha. Tulikuwa tumetia akiba, lakini ikaja barua kutoka Bukavu kwamba paa la nyumba ya wazee limeng'olewa na dhoruba. Tulipeleka kwanza mabati na misumari, na safari ikasogea mwaka mzima. Twalisema hili waziwazi, maana kuna wanaodhani ya kwamba ndugu zao walio Ulaya huchuma noti mitini.

Jambo la pili ni karatasi. Watu wengi hukosea hapa. Bonaire ni ya Uholanzi, lakini haimo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Kongo asikate tiketi kabla ya kuuliza ubalozi. Tangu mwaka 2022 kuna pia kodi ya kuingia kisiwani, dola 75 kwa mgeni mtu mzima, tena kuna ada ya hifadhi ya bahari kwa yeyote atakayezamia. Fedha ya huko ni dola ya Marekani tangu Januari 2011, ile ile tuijuayo sokoni kwetu. Ajabu ni hii: noti yetu moja ilikuwa imechanika pembeni kidogo, ambayo pale Bukavu hakuna mwenye duka angeitazama mara ya pili. Muuza mkate wa Bonaire aliipokea bila hata kuigeuza.

Majira hayasumbui sana. Kisiwa kiko kusini mwa njia ya vimbunga vikubwa, na maji yake huwa vuguvugu mwaka mzima. Si kwamba hakiguswi kamwe: mwaka 1999 kimbunga Lenny kilikuja kwa njia ya kinyume, kutoka magharibi, na mawimbi yake yalivunja matumbawe mengi katika upande ule ule uliozoea utulivu. Mvua ni haba, mto hakuna hata mmoja, na maji ya kunywa hutengenezwa kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Nchi yenyewe, kusema kweli, si nzuri kwa jicho la mtu wa Kivu. Ni kavu, ni dungusi, miiba, mbuzi, na punda wazururao barabarani. Binti yetu mkubwa alipoona nyua zilizojengwa kwa dungusi zilizopandwa bega kwa bega, alisema hata mwizi wa kuku huku lazima awe na cherehani ya kushonea suruali.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni afya na mafunzo. Mtoto wa miaka 10 aweza kuanza masomo ya kuzamia, lakini kwanza hujazwa karatasi ya maswali juu ya mapafu, masikio na moyo. Mwenye pumu lazima aone daktari kabla ya lingine lolote. Mwana wetu alifanya nusu ya masomo katika birika la kuogelea la mtaa wetu, na jioni alitufundisha sisi wazazi aliyoyasikia. Kila ushukapo mita 10 majini, uzito wa maji huongeza mkandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu nchi kavu. Kwa hiyo hewa iliyojaa kifuani katika kina cha mita 10 itapanuka mara mbili mtu akipanda juu, na aliyeziba pumzi aweza kupasuka mapafu. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mzamiaji si kuogopa papa. Ni kutokuacha kupumua. Hatari nyingine ni naitrojeni, ambayo huingia katika damu kwa sababu ya mkandamizo; mtu akipanda upesi, hufanya mapovu mwilini kama bia katika chupa ifunguliwayo kwa haraka. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, na hata kupooza. Mama alisikiliza yote haya akishona kifungo. Cheti cha mtoto wa miaka 12 chaweza kumruhusu mita 18 akiwa pamoja na mtu mzima mwenye cheti. Mama aliandika 12 katika karatasi, akaibandika ukutani, na ikawa 12.

Tuliruka kutoka Amsterdam, safari ya saa 10 hivi, tukashuka Kralendijk, mji mkuu, uliojengwa kwa nyumba fupi za rangi ya manjano na nyekundu. Namba za magari zimeandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya paradiso ya wazamiaji. Watu husema Papiamentu, lugha iliyofumwa kwa Kireno, Kihispania na Kiholanzi, pamoja na nyuzi za Kiafrika. Watoto walishika maneno yake kwa siku moja: bon dia asubuhi, danki baada ya kila kitu, na dushi kwa chakula kitamu na kwa mtoto mpendwa vilevile.

Mwalimu wa mwana wetu alikuwa mzaliwa wa kisiwa, mtu wa maneno machache. Kabla ya vazi la mpira na mtungi, alimpa sheria za mahali. Wenyeji wa Bonaire wameanza zamani kulinda bahari yao: kasa wanalindwa tangu 1961, kuwinda samaki kwa mkuki chini ya maji kulikatazwa 1971, kung'oa matumbawe 1975, na mwaka 1979 bahari yote izungukayo kisiwa hadi kina cha mita 60 ikawa hifadhi. Mashua hazitupi nanga juu ya mwamba. Hufungwa kwa maboya. Mzamiaji havai hata glavu, kusudi asishike kitu. Hata hivyo ulinzi haukomeshi kila ovu. Mwaka 2009 alifika samaki mgeni kutoka bahari za mashariki, mwenye mistari na miiba ya sumu, alaye samaki wachanga wa mwamba. Na mwaka 2023 uliingia ugonjwa ulao nyama ya matumbawe magumu hadi kubaki mfupa mweupe. Ndiyo sababu vyombo vya mwana wetu vilitiwa dawa kila baada ya kutoka majini.

Asubuhi ya kwanza baharini tulisimama wote karibu na jiwe la manjano. Mwalimu na mtoto walitembea kinyumenyume, maji yakawafikia magotini, kiunoni, shingoni. Kisha hatukuona vichwa tena. Mapovu yalitokea, ya mkubwa na ya mdogo, kwa mistari miwili. Mama alitembea ufukoni akiyafuata, juu ya mawe makali, amevaa kandambili za nyumbani. Mara moja mapovu yakawa mstari mmoja. Alituita kwa sauti ambayo hatujaisikia kwake. Tukakimbia. Kumbe wawili walikuwa wamekaribiana mno, wakitazama kitu kimoja. Baadaye mtoto alituambia ni pono aliyekuwa akitafuna matumbawe, na ya kuwa mlio wa meno yake wasikika wazi chini ya maji. Walikaa dakika 38. Alipotoka, mama alimpangusa uso kwa kitenge chake, akamwuliza kama amesikia baridi. Basi.

Siku zilizofuata tuliwagawia na wengine. Kitinda mimba, ambaye bado ni mdogo kwa mtungi, alifurahia ghuba ya Lac upande wa mashariki, mahali penye mikoko na maji mapana yasiyopita kiuno, ambako mchanga huonekana kama chini ya kioo. Hapo ndipo mama aliposhikwa mkono na mtoto huyo wa miaka 6, akaingia. Hatukusema neno, tuliogopa kuharibu. Alifika magotini, kisha kiunoni. Alivaa kioo cha uso cha binti yake, kilichombana, akainamisha kichwa kwa muda wa kuhesabu 5.

Wasomaji, haifai kwenda Bonaire na kutazama samaki peke yao. Upande wa kusini kuna mabirika mapana ya chumvi, ambamo maji ya bahari huachwa yakaushwe na jua na upepo. Rangi yake ni ya waridi, na heroe husimama ndani yake kwa mguu mmoja. Kando ya bahari, mbele ya mabirika hayo, zimesimama nyumba ndogo za mawe, nyeupe, zilizojengwa karibu na mwaka 1850. Mlango haumfikii mtu mzima kifuani. Sisi tuliingia kwa kutambaa, na ndani hakuna mahali pa kusimama wima. Humo walilala watumwa waliovunja na kubeba chumvi kwa ajili ya meli. Jamaa zao waliishi Rincon, kaskazini, na mwisho wa juma walitembea muda wa saa 7 kuwaona, kisha wakarudi. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni haya ya Uholanzi tarehe 1 Julai 1863. Na tarehe 1 Julai 2023 mfalme Willem-Alexander aliomba msamaha hadharani. Waholanzi walileta Waafrika kwanza kisiwani Curaçao, jirani ya Bonaire, na wengi walinunuliwa katika pwani ya Loango na Angola, karibu na mlango wa mto Kongo. Kitinda mimba aliuliza, akiwa amelala sakafuni pale ndani: «Na watoto wao walilala wapi?» Tukamwonyesha upande wa kaskazini. Akataka twende huko kwa miguu kama wao. Tulitembea saa moja juani, tukarudi kuchukua gari.

Tulifika Rincon siku ya mwisho. Siku hiyo hakuna aliyezamia, kwa sababu aliyepumua hewa ya mtungi lazima angoje, yafaa saa 18, kabla ya kupanda ndege. Mama mmoja mzee alituuzia mchuzi wa mbuzi. Aliuliza tumetoka wapi, binti akajibu: Kongo. Mzee alirudia neno hilo mara mbili, akashika misuko ya binti na kuitazama kwa karibu ilivyofungwa, kisha akaleta bakuli jingine ambalo hakulitia katika hesabu.

Njiani kurudi Kralendijk mama aliuliza kama duka la vyombo vya kuzamia litakuwa bado wazi. Alitaka kununua kioo cha uso cha saizi yake, kwa kuwa mwezi wa saba tulikuwa na safari ya Bukavu.