Kalamu Nyekundu na Herufi za Pembeni

Jana shangazi alirudi na insha yake kutoka darasa la Kiingereza la watu wazima hapa Leeds, na furaha yangu bado haijaisha. Mwalimu hakumwandikia jibu hata moja. Alipiga mistari ya penseli chini ya maneno machache, pembeni akaweka alama: T kwa kosa la wakati wa kitenzi, Sp kwa tahajia, ^ panapokosekana neno. Kusahihisha kamwachia mwenye insha.

Shangazi, aliyeuza vitenge Tanga miaka na miaka, akavaa miwani, akaketi mezani. Alikuwa anamsifu jirani yake, mama mmoja mkarimu, lakini katikati ya aya mama huyo akageuka "he". Si uzembe huo. Kiswahili hakiulizi anayekuja ni mwanamume au mwanamke, anakuja, basi. Wala hatuweki "a" na "the" mbele ya nomino, ndiyo maana vinatuponyoka. Shangazi akasoma, akarudia, akaliona kosa mwenyewe.

Nyumbani Tanzania je? Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Miaka yote ya shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili. Ghafla baiolojia na jiografia ni kwa Kiingereza. Juzi dada kanitumia picha ya insha yake: ukurasa umejaa wino mwekundu, na chini "Rudia!" Arudie nini, wakati hajaambiwa kosa ni la aina gani? Sasa mtoto anaandika sentensi za maneno matatu matatu, zile tu asizoziogopa.

Najua, walimu wetu wana madaftari mengi mno. Lakini herufi moja haichukui muda mrefu kuliko duara jekundu, na mwalimu wa shangazi hagusi kila kosa. Wataalamu nao wamebishana. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha kuachwe. Mwaka 1999 Dana Ferris akamjibu kwamba ni mapema mno kukata shauri hilo. Mimi niliyemwona shangazi pale mezani niko na Ferris.

Walimu wangu, chagueni aina mbili za makosa, ziwekeeni herufi, mpeni mtoto nafasi ayatafute hapo hapo darasani. Kisha maksi zitolewe kwa insha ya pili, ile aliyoisahihisha kwa mkono wake.