Nyoka Ndani ya Ndoo



Mwezi wa kumi na moja, mvua ilipoanza, watoto wetu hapa Katuba walituletea ndoo iliyofunikwa sinia. Ndani mlikuwa na nyoka wa rangi ya majivu, mwenye madoa meusi mgongoni. Walitaka kumfuga. Mkubwa wao alisema ni mla-mayai, hana sumu, maana chini ya mwembe waliokota kaka la yai la ndege, limepondwa. Jirani akakataa: ana sumu! Mwingine akasema amechanganyika, mama mla-mayai, baba wa sumu.

Wote walitugeukia sisi walimu. Nasi darasani tumezoea kufundisha kwamba nyoka mwenye mboni ya paka ndiye wa sumu.

Tulipofungua vitabu, tuliona aibu. Mla-mayai (Dasypeltis scabra) ndiye mwenye mboni ya paka. Yule wa sumu anayefanana naye (Causus rhombeatus) ana mboni ya mviringo. Tulikuwa tunafundisha kinyume! Tena hawawezi kuzaa pamoja, kwa sababu ukoo wao ni mbalimbali: wa sumu ni ndugu wa kifutu. Mla-mayai karibu hana meno. Anameza yai zima, analivunja kwa mifupa ya shingo, kisha anatema kaka. Lakini ukimtisha anajikunja, anasugua magamba hadi yalie, anaruka kama anayetaka kuuma. Anamwiga mwenye sumu ili aogopwe. Basi mtoto atamtambuaje, usiku, umeme umekatika?

Ndoo ile baba mmoja aliipeleka mbali porini, akaimwaga kwa fimbo ndefu. Watoto tuliwaambia: nyoka hashikwi, hata kama unamjua jina.

Na mtoto akiumwa, wamama, tusingoje kujua ni nyoka gani, wala tusimfukuze. Tumtulize mtoto, asitembee. Tumvue viatu na bangili, mguu tuufunge kibao usitikisike, tumbebe upesi hospitalini. Tusikate, tusinyonye, tusikaze kamba. Hata jiwe jeusi, ambalo wengi wetu tunaliweka kabatini, halitoi sumu. Linatupotezea saa tu. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeweka sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi tusiisahau.

Wiki hii tusogeze mifuko ya makala na mbao mbali na mlango, na usiku mtoto asiende chooni bila taa.

Sisi darasani tumekwisha kufuta somo lile la mboni.