Harufu Ilitoka Kwetu

Nyumba tunayoishi ilijengwa enzi za wamisionari, na bomba lake la maji machafu lina umri uleule: chuma kizito, kila kiungo kimeshindiliwa katani na kuzibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Masika iliyopita tulianza kusikia harufu mbaya upande wa jikoni. Tukafunga dirisha. Ilipozidi, tukanyoosha kidole ng'ambo ya ua. Tulisema mezani, mbele ya watoto, kwamba choo cha bibi jirani kimejaa. Jioni tukaendelea na sala ya nyumbani kama kawaida.

Mwishowe tukaita fundi bomba. Hakwenda kutazama choo cha bibi. Alifukua kando ya ukuta wetu, akakuta kiungo kimepakwa saruji, tabaka juu ya tabaka. Waliotutangulia walipaka, nasi mwaka juzi tulipaka. Chini ya saruji hiyo maji machafu yalikuwa yakivuja taratibu kuelekea kwa bibi, kwenye tuta lake la mchicha.

Tulimwomba aongeze saruji kidogo, mambo yaishe kabla ya Jumapili. Akatikisa kichwa. "Baba Mchungaji, juu ya uchafu hakuna kinachoshika."

Basi tukafunga maji siku nzima. Alibandua saruji yote, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akaacha chuma kikauke. Risasi ilikuwa bado nzima ila imelegea. Akaishindilia kwa patasi na nyundo ndogo, akizunguka kiungo kidogo kidogo, maana chuma cha zamani ukikigonga kwa hasira hupasuka. Kisha tukamwaga ndoo kadhaa za maji chooni, yeye akiwa shimoni. Hakufukia mpaka alipopitisha kidole chini ya kiungo na kukikuta kikavu.

Kazi ngumu ilibaki kwetu. Tulikwenda kwa bibi pamoja na watoto, kwa kuwa walisikia tulivyomsema. Tukamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua, wanangu. Mchicha ule niliacha kuuchuma tangu Pasaka. Lakini mtu anaanzaje kumwambia mchungaji kwamba nyumba yake inanuka?"

Swali hilo hatujalisahau. Tumehubiri mara nyingi juu ya kibanzi na boriti. Hatukuwahi kufikiri kwamba boriti laweza kufunikwa na heshima, hata jirani anayeumia akaogopa kulitaja.

Katekisimu Ndogo ya Luther iliandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake, na sehemu ya maungamo humtaka kila mtu ajipime katika nafasi yake: baba, mama, mtoto, mtumishi. Sisi tulikuwa tukiifundisha kwa wanafunzi wa Kipaimara huku nyumbani tukipaka saruji.

Wapendwa, si kwamba tunajisafisha kwanza ndipo Mungu atusamehe. Bomba lile hatukulisafisha sisi. Tulikubali tu lifukuliwe. Neema hufanya kazi hiyo. Nasi tukishasamehewa, tunadaiwa safari ya kwenda ng'ambo ya ua.

Bibi amepanda mchicha mpya upande mwingine. Siku hizi akiona jambo lisilo sawa kwetu, hupiga hodi na kulisema. Tunamfungulia.