Korongo wa Guangzhou na bwawa la Mjomba

Najua nimepotea, lakini shughuli za makontena hazina Jumapili.

Leo namjibu Mjomba wa Morogoro hapa hapa, maana wenye mabwawa huko nyumbani ni wengi. Juzi kanipigia simu: yangeyange na mdiria wanammalizia vifaranga vya perege, mkopo wa bwawa haujalipwa hata nusu, na kuna mtu kamshauri atie sumu kwenye dagaa awategee. Mjomba, subiri kwanza!

Huku vita hii wanaijua. Guangzhou ni jiji la maji: Mto Zhujiang, mifereji, maziwa ya kuchimbwa. Kwenye bustani ya Ziwa Liuhua, lililochimbwa mwaka 1958, yangeyange na korongo wa usiku wanajenga viota kisiwani, katikati kabisa ya magari na maghorofa. Jioni watu wakitoka kazini, korongo wa usiku ndiyo kwanza anaingia.

Mwenye nyumba wangu tunamwita A Baak, ambayo kwa Kikantoni ni kama kusema Baba Mkubwa. Juu ya paa ana kidimbwi cha samaki wa mapambo, wale wekundu na weupe. Kwa Kichina neno samaki linatamkwa sawa na neno ziada, kwa hiyo samaki nyumbani ni heri. Lakini hawa wana uzito zaidi: walinunuliwa na marehemu mkewe. Walikuwa tisa. Asubuhi moja tukakuta sita, kesho yake watano.

Kwanza aliweka korongo wa plastiki, eti ndege wa kweli ataona pameshakaliwa. Akatundika na CD kuukuu zimeremete. Wiki moja tu, korongo akazoea! Jirani akataka kutega mtego, mzee akakataa. Ndege hawa wanalindwa na sheria, na isitoshe akasema, "Ndege hana kosa, mimi ndiye niliyemwandalia meza."

Kilichosaidia ni wavu. Na hapo kuna ufundi, Mjomba, chukua kalamu:

Wavu uvutwe ukaze, ukae kama sentimita 30 juu ya maji. Ukilegea, korongo anausimamia, unazama, anadonoa kupitia matundu. Nyuzi ziwe nene zinazoonekana, nyembamba zinawanasa ndege miguu.

Korongo na yangeyange huwinda wakiwa wamesimama majini. Kwa hiyo kingo ziteremke wima na maji yawe na kina tangu ukingoni. Ukingo wa mteremko mdogo ni ngazi yake.

Bwawa likiwa kubwa, zungushia mshipi kwenye vigingi, mmoja sentimita 20 kutoka chini na mwingine kama 40, kumzuia anayeingia kwa miguu. Mingine ipitishe juu ya maji.

Mdiria yeye anajirusha kutoka juu, mshipi haumzuii. Kata matawi yaliyoinamia bwawa, na vifaranga uwalee kwenye kona yenye wavu wa matundu madogo mpaka wakue. Watupie pia vipande vya bomba pana wajifiche.

Sumu hapana kabisa. Ndege aliyeila anaweza kufia bwawani mwako. Paka na mbwa wa jirani wataokota mizoga, na wapo watu watakaookota ndege wakidhani ni kitoweo. Kenya, kule Bunyala, ndege wametegwa kwa dawa ya wadudu ya mashambani na nyama ikauzwa. Na kwetu ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Uwe na deni la benki na kesi juu yake?

Wavu una gharama, ndiyo. Anza na kona ya vifaranga, maana hao ndio mavuno yako ya kulipia mkopo. Hela kidogo ya kamba nitaituma mwisho wa mwezi.

Wengine wenye mabwawa, tuambieni mnafanyaje. Nawasalimu wote, msinisahau kwenye dua.